Mwalimu mwenye darasa kuongoza wenzake shuleni: tumpe saa, tumwandikie, tusimtoe darasani

ChakiNaUbao (Lubumbashi)

Jambo zenu walimu, na wazazi mnaopita humu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, upande wa Katuba. Kuna kazi inayofanyika kwenye shule zetu kila wiki na haina saa kwenye ratiba. Naomba tuizungumze kwa urefu, kwa sababu naona tunaipoteza.

Mtazameni direkta, yaani mwalimu mkuu, wa shule yenye zamu mbili. Asubuhi kundi moja, mchana kundi lingine, majengo yaleyale, yeye yuleyule. Kengele haijalia, mzazi tayari anamngoja mlangoni. Sudivisioni, ofisi ya elimu ya serikali, wanataka takwimu leo hii, koordinasioni, ofisi ya shule za dini, wanataka orodha nyingine, mwalimu mmoja kaamka na malaria na darasa lake limebaki bila mtu. Kwa kanuni direkta anatakiwa aingie darasani, akae nyuma, afuate somo mpaka mwisho, kisha aketi na mwalimu wazungumze. Ataingia saa ngapi? Tangu elimu ya msingi ya bure ianze kutekelezwa Septemba 2019, watoto waliokuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa ada wamerudi, na hilo ni jema kabisa. Katiba ya Kongo ya 2006 iliahidi hivyo. Lakini madarasa yamejaa, na direkta hajaongezewa mikono. Matokeo yake ziara ya darasani imebaki kusaini daftari la maandalizi: wino mwekundu, "vu" (imeonekana), tarehe, basi.

Sasa mwalimu mpya, katoka juzi humanite pedagojiki (segondari ya ualimu) na diploma yake ya D6, anamuuliza nani? Anamuuliza jirani. Kila shule ina huyo jirani. Ni mwalimu wa darasa la tatu au la nne ambaye wenzake wanamfuata uani wakati wa mapumziko: "Yaya, kutoa kwa kukopa wewe unakuanzaje?" Ndiye anayepanga upya ratiba ya mitihani ikigongana. Ndiye anayejua mtoto gani hasikii vizuri na akae wapi. Huyo anaongoza shule tayari, ila kwa dakika alizoiba kwenye mapumziko yake.

Kwenye karatasi tuna UP, kitengo cha pedagojia kwa kila digrii: walimu wa la kwanza na la pili pamoja, wa tatu na nne pamoja, wa tano na sita pamoja, na kila kitengo kina mkuu wake. Wazo zuri. Kwenye shule nyingi nilizozifahamu, kikao cha UP kimekuwa mahali pa kusomewa matangazo na kukumbushwa mchango wa msiba.

Msimamo wangu ni huu. Shule ichague walimu wachache wanaofundisha vizuri, wabaki na madarasa yao, wapunguziwe saa kidogo kila wiki, na kazi yao ya kuwaongoza wenzao iandikwe mahali. Tumezoea njia nyingine: mwalimu bora wa darasa la sita akionekana, anapewa udirekta wa shule fulani, na tangu siku hiyo hagusi chaki tena. Shule moja imepata direkta, na watoto wamepoteza mwalimu aliyekuwa akiwapitisha mtihani wa taifa.

Niwaonyeshe kazi yenyewe inavyokuwa, maana nikisema "kuongoza" kila mtu anawaza kiti na mhuri.

Mwalimu kijana anafundisha hesabu za sehemu, darasa la nne. Mkuu wa UP kaketi nyuma kabisa. Hana fomu ya alama. Ana karatasi moja aliyochora madawati ya darasa lile, mstari kwa mstari. Kila mwalimu anapomuuliza mtoto swali, yeye anaweka kijistari kwenye dawati la mtoto huyo. Somo linakwenda. Mtoto mmoja anasema robo ni kubwa kuliko nusu, kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili. Mwalimu anajibu "Hapana, nani amsaidie?" na mkono mwingine unanyooshwa, jibu sahihi linatoka, darasa linapiga makofi.

Baada ya kengele wanaketi wawili. Mkuu wa UP hasemi neno, anasukuma karatasi tu. Vijistari vimerundikana mbele, upande wa dirisha. Mistari miwili ya nyuma karibu na mlango ni mieupe, haina hata kimoja. Kijana anaitazama, anaanza kutaja majina ya watoto wanaokaa kule, mmoja mmoja. Kisha wanarudi kwa yule wa robo na nusu. Mkuu anachukua ukurasa, anaukunja mara moja, anaukunja tena, anamuuliza: "Kama ungempa yeye karatasi hii aikunje mwenyewe, angesemaje?" Mazungumzo yote hayakufika nusu saa. Wiki iliyofuata kijana alianza maswali yake mlangoni.

Inspekta hawezi kufanya hivi. Simlaumu. Anakuja kwa nadra, ana shule nyingi, na akiingia kila mtu ameshavaa shati la Jumapili. Direkta angeweza, kama angekuwa na muda. Mwenzako wa darasa la jirani anaweza, kwa sababu kesho naye atasimama mbele ya watoto kama haohao.

Wazo hili si geni. Mapendekezo ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu, ya mwaka 1966, yanasema ukaguzi uwe wa kumtia moyo na kumsaidia mwalimu, usimpunguzie uhuru wala wajibu wake. Japani walimu wana desturi ya miaka mingi ya kuandaa somo pamoja, mmoja akalifundisha, wengine wakaketi kutazama watoto wanavyofikiri, halafu wakalijadili. Kenya walianza kuingiza njia zinazofanana na hizo kwa walimu wa hesabu na sayansi kupitia SMASSE, mradi ulioanza 1998 kwa msaada wa Japani. Na ripoti ya UNESCO ya elimu duniani ya 2024/5 ilichukua uongozi katika elimu kuwa mada yake nzima.

Nawasikiliza. Wa Bukavu na Goma pia.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Mkubwa, aksanti kwa maandishi haya. Yule mwalimu wa karatasi ya madawati nimempenda. Lakini niruhusu nipinge.

Mimi nafundisha segondari, hapa Kadutu. Kwetu kuna prefe, ndiye mkuu wa shule, kuna direkta wa masomo, kuna direkta wa nidhamu, kila mtu na ofisi yake. Chini yao kuna titulere, mwalimu msimamizi wa darasa. Huyo titulere anajaza buletini za alama, anafuatilia wasiokuja, anapokea wazazi wenye hasira, anatafuta mtoto aliyeacha shule, anasuluhisha wizi wa daftari. Faida yake ni nini? Jina kwenye mlango. Sasa wewe unataka kuongeza na ukuu wa UP juu yake.

Kazi ya kulazimishwa isiyolipwa tunaijua kwa jina lake tangu enzi za Mobutu: salongo. Serikali ikisikia walimu wenyewe wanajitolea kuwafundisha wapya, itapumua, itasema mafunzo kazini yamepatikana bila senti. Mshahara kwanza, mkubwa. Ukishatulia, tutaongozana.

NU_wa_Ruashi (Lubumbashi)

Wakubwa zangu, mnanisamehe kuingia kati. Mimi ni wale wanaoitwa "nouvelles unités", NU, walimu wapya ambao bado hawajaingizwa kwenye malipo. Ninayo matrikile, namba ya utumishi, sina mshahara. Nafundisha darasa la pili. Nakula kwa kufundisha watoto wa watu jioni majumbani.

Nataka kusema kitu kwa Mwalimu Kadutu kwa heshima zote. Nilipoanza kazi hii nilikuwa sijui kufundisha kusoma. Shuleni kwetu humanite tulijifunza nadharia, na praktiki nilipewa darasa la tano. Nikapewa la pili lenye watoto ambao nusu yao hawatambui herufi. Aliyeniokoa ni mama wa darasa la kwanza. Alinionyesha jinsi ya kuchukua neno wanalolijua, "mama", "mutoto", vile wanavyolitamka hapa kwetu, kuligawa kwa silabi, kupiga kofi kila silabi, ndipo kufika kwenye kitabu ambacho kimeandikwa "mtoto". Bila yeye ningekuwa nimeacha mwezi wa kwanza.

Huyo mama hana cheo. Siku inspekta alipokuja na kusifu usomaji wa darasa langu, sifa zilikwenda kwa direkta. Yeye alikuwa uani anagawa chaki. Iliniuma.

ChakiNaUbao

Mwalimu Kadutu, sikupingi kwenye mshahara. Mwalimu wa NU asiyelipwa ni dhuluma, na hakuna mbinu ya pedagojia inayoweza kuiziba. Tugome tukilazimika kugoma, tudai tunachodai.

Lakini nisome vizuri. Sisemi mwalimu aongezewe kazi. Nasema kazi ambayo ameshaifanya bure ipewe saa, na saa hiyo itolewe kwenye mzigo wake. Asipopunguziwa kitu, basi wewe una haki, ni salongo, na mimi nitakuwa wa kwanza kumwambia akatae.

Utauliza saa zitoke wapi. Nimelifikiria hili sana.

Kwenye shule ya zamu mbili, mwalimu wa asubuhi anamaliza mchana, wa mchana ndiyo kwanza anaanza. Zile zamu tunazozilalamikia zinatupa kitu kimoja ambacho shule ya zamu moja haina: walimu wawili wa darasa lilelile ambao saa zao hazigongani. Mkuu wa UP wa asubuhi anaweza kubaki na kutazama somo moja la mchana. Fidia yake ipatikane palepale shuleni: aondolewe usimamizi wa mapumziko, aondolewe zamu ya bendera na foleni, aondolewe kusimamia usafi. Hizo ni saa, zihesabuni.

Kwenye shule ya zamu moja, direkta achukue darasa la mkuu wa UP kwa somo moja kwa wiki. Mnaona direkta hana muda, na ni kweli. Lakini direkta aliyeshika chaki saa moja kila wiki atajua hali ya watoto kuliko aliyesaini madaftari ishirini. Na hapo mkuu wa UP anakuwa huru kwenda kwa mwenzake bila kuacha watoto wanapiga kelele.

Dada/kaka NU wa Ruashi (sijui nikuite vipi), yule mama wa darasa la kwanza ndiye ninayemwandikia uzi huu. Kusifiwa kungemfaa, na jina lake kuandikwa kungemfaa zaidi. Kikao cha walimu kina prose-verbali, muhtasari wake wa maandishi. Iandikwe humo: mwalimu wa darasa la kwanza amekabidhiwa kuwaongoza walimu wa la kwanza na la pili katika usomaji, kuanzia tarehe fulani, ameondolewa kazi fulani. Direkta asaini, nakala aipate yeye. Siku komisioni ya afektasioni, inayopangia watu vituo vya kazi, inatafuta direkta, au sudivisioni inatafuta mtu wa kupeleka semina, ile karatasi ipo kwenye faili lake. Sasa hivi wanaochukuliwa ni wale ambao mtu fulani anawajua.

NU_wa_Ruashi

Dada. Aksanti.

Direkta_Mstaafu_Likasi

Watoto wangu, nimeongoza shule mbili kabla ya kupumzika. Niwape upande wa ofisi.

Madirekta wengi wanaogopa. Ukimpa mwalimu nafasi ya kuongoza wenzake, na wenzake wakampenda, kelele inaanza: "Huyu anatafuta kiti chako." Wanaoileta kelele hiyo mara nyingi ni walimu wenyewe. Kwa upande wa pili, chumba cha walimu kinanong'ona kwamba mkuu wa UP ni jicho la direkta, kila anachokiona darasani kinafika ofisini. Mambo mawili haya yameua UP nyingi kuliko ukosefu wa muda.

Dawa niliyoitumia mimi ilikuwa kutenganisha. Mwisho wa mwaka direkta ndiye anayempa mwalimu alama za utumishi, na alama hizo zinamfuata maishani. Nilitangaza mbele ya wote kwamba karatasi yoyote ya mkuu wa UP haitaingia katika alama hizo, na kwamba sitaiomba kuiona. Karatasi inabaki kwa mwalimu aliyetazamwa, anaichana akitaka. Mwanzoni hawakuamini. Walianza kuamini pale mwalimu mmoja alipofundisha somo baya kweli mbele ya mwenzake na hakuna kilichotokea.

Na kwa direkta anayesoma: mtu anayekupunguzia kazi ya darasani hakupunguzii ukubwa. Nilipata muda wa kukaa na COPA, kamati ya wazazi, kuhusu paa lililokuwa likivuja.

Mtaaluma_Kigoma

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Mimi ni mwalimu wa taaluma kwenye shule ya msingi huku Kigoma.

Kwetu haya majukumu yana majina: mwalimu wa taaluma, mwalimu wa nidhamu, mwalimu wa malezi, mwalimu wa zamu, mwalimu wa darasa. Wote tunafundisha vipindi. Na kuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu wa shule wanakutana kwenye jumuiya za kujifunza na kujadili mada ngumu.

Msidhani jina linamaliza tatizo. Mimi ninavyo vipindi vyangu kamili na taaluma juu yake. Mwezi wa mitihani nalala na makaratasi. Kwa hiyo ndugu ChakiNaUbao, shikilia hapo kwenye kupunguziwa. Jina tulishapewa, tunachokosa ni vipindi kupungua. Na kikao kikiwa saa tisa alasiri watu wana njaa, hakuna mjadala utakaotoka, kila mtu anakubali kila kitu ili aende.

Mama_wa_Kamalondo (Lubumbashi)

Mimi ni mzazi, niko kwenye kamati ya wazazi. Nimesoma yote. Swali langu: mbona akina mama hamjawataja zaidi? Kwenye shule ya watoto wangu, la kwanza mpaka la tatu ni akina mama watupu. Direkta mwanamume, na aliyemtangulia mwanamume. Tukiuliza tunaambiwa wanawake hawapendi udirekta. Waliulizwa lini?

ChakiNaUbao

Mama, umegusa penyewe. UNICEF walichapisha mwaka 2022 uchambuzi wa matokeo ya wanafunzi katika nchi kadhaa za Afrika zinazotumia Kifaransa. Benin, Madagaska, Senegal na Togo, watoto kwenye shule zinazoongozwa na wanawake walionekana kufanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu. Na wanawake waongozao shule ni wachache mno.

Kwa nini hawafiki? Kwa ninavyoona hapa kwetu, njia ya kufika inapita kwenye vikao vya jioni, semina za siku tatu mji mwingine, na kujuana na watu wa ofisini. Mama mwenye meza ya kuuza makala (mkaa) soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, saa kumi, na watoto wanaomngoja, atafikaje? Ukuu wa UP unafanyika ndani ya saa za shule, kwenye jengo lilelile, na unaacha karatasi. Ni ngazi ambayo mama huyo anaweza kuipanda bila kuacha nyumba yake. Ndiyo sababu nyingine ya kukataa vikao vya alasiri, alivyosema ndugu wa Kigoma.

Kamati ya wazazi inaweza kusaidia kwa jambo moja: mkutano ujao muulizeni direkta wakuu wa UP ni akina nani na wameondolewa kazi gani. Swali hilo likiulizwa na wazazi, litajibiwa.

Mwalimu_Kadutu

Nimerudi. Nimesoma maneno ya direkta mstaafu na ya dada NU, na nimekaa nayo. Bado nasema mshahara kwanza. Lakini hoja ya kuondolewa kazi na kuandikwa kwenye prose-verbali naikubali, kwa sababu karatasi ikiwepo, sendika, chama chetu cha walimu, nayo ina kitu cha kushika mkononi. Tutaweza kusema: mwalimu huyu anafanya kazi hii, imesainiwa, ilipwe. Leo tukidai tunaambiwa hakuna anayefanya.

Nieleze upande wa segondari. Kwetu darasa moja lina walimu wengi, kila mtu na somo lake. Huwezi kufanya UP kwa darasa. Na shida kubwa tuliyonayo iko mwaka wa saba, ndio wa kwanza kwetu segondari: watoto wanafika kutoka la sita, hesabu wanatetereka, na mwalimu wangu wa saba anasema "hawa hawakufundishwa", wa sita anasema "sisi tuliwafundisha". Tangu huu mwaka wa saba na wa nane uingizwe kwenye elimu ya msingi ya miaka minane kwa sheria ya 2014, ingetakiwa watu hawa wawili wawe wanajuana.

ChakiNaUbao

Anzieni hapohapo basi. Segondari mkuu awe wa somo. Mchukueni mwalimu wa hesabu wa mwaka wa saba, prefe amwondolee saa moja ya usimamizi, aende shule ya msingi ya jirani akakae nyuma ya darasa la sita wakati wa somo la sehemu au asilimia. Asiseme kitu siku hiyo. Atazame tu wanaandika vipi, wanachora mstari wapi, mwalimu anatumia maneno gani. Wiki nyingine wa sita aje kwenu. Mengi ya "hawakufundishwa" ni kwamba walifundishwa kwa mpangilio mwingine, na mtoto hajaambiwa kwamba ni kitu kilekile.

Na dada NU, umeniandikia pembeni kuuliza aanze nani kutazamwa. Aanze mkuu mwenyewe. Yule mama wa darasa la kwanza awaalike ninyi wa la pili mje mmtazame yeye kwanza, na karatasi ya madawati mshike ninyi. Akishatazamwa yeye, hakuna atakayeogopa zamu yake. Chora madawati jioni kabla ya somo, andika majina ya watoto ndani ya visanduku, maana ukianza kuuliza majina katikati ya somo watoto watageuka kukuangalia wewe.

NU_wa_Ruashi

Nimeshachora. Mama amekubali Alhamisi, somo la kwanza. Direkta amesema atanishikia darasa langu yeye mwenyewe.